Ushindi Hupimwa kwa Aliyeshindwa

Kati ya magonjwa yanayousibu mchezo wa masumbwi katika nchi yetu, hapana unaoenea upesi na kupona polepole kama ule wa kuhesabu. Bondia akishinda mara kumi huitwa hodari. Akishinda mara ishirini huitwa bingwa. Na akishinda mara ishirini bila kupoteza hata mara moja, hupewa majina ambayo lugha yetu imeyaweka akiba kwa simba, radi na tetemeko la nchi. Aulizapo mtu ni nani waliopigwa na hodari huyo, wapi, lini, na katika hali gani, swali lake huonekana la utovu wa adabu, kana kwamba amekwenda harusini kuuliza bei ya pete. Nia ya makala hii ni kulitetea swali hilo. Nasema, wala sisiti, kwamba daraja la bondia halipimwi kwa idadi ya mapambano aliyoshinda, bali kwa ubora wa wale aliowashinda. Na kwamba mtu awapangaye mabondia kwa idadi peke yake hahukumu mchezo. Anajumlisha tu, na kazi ya kujumlisha mtoto wa darasa la pili aiweza.

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwalimu wa Kiswahili akijitia ulingoni. Jawabu langu ni kwamba ugomvi huu, kabla ya kuwa ugomvi wa ngumi, ni ugomvi wa maneno. Lichukue neno bingwa. Kwa asili yake bingwa si mtu mwenye mkanda kiunoni; ni mtu mwenye ujuzi uliopita ujuzi wa kawaida. Ndiyo maana mpaka leo twasema daktari bingwa. Hapana mgonjwa mwenye akili amsifuye daktari bingwa kwa kuwa ametibu mafua elfu moja. Husifiwa kwa ugonjwa mgumu aliouweza pale wengine waliposhindwa. Mafua elfu moja hayamfanyi mtu kuwa bingwa. Yamfanya kuwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Lichukue tena neno ushindi. Kiswahili kina kitenzi kushinda, na kutokana nacho kimepata kitenzi kushindana. Kauli ya kutendana haiwi ya mtu mmoja. Hudai wawili, na hudai kwamba kila mmoja aweza kumtenda mwenzake kama anavyotendwa. Watu hawapigani ikiwa mmoja hupiga na mwingine hupigwa tu. Hapo sarufi yenyewe yatufundisha kuacha kauli ya kutendana na kutumia kauli ya kutenda na ya kutendwa. Basi mtu aliyepambanishwa na asiyeweza kumshinda hakushindana, na asiyeshindana ameshinda nini? Lugha yetu ilikwisha toa hukumu hii kabla ya kuzaliwa promota wa kwanza.

Wenyeji wa mkoa wetu wa Songwe wana sababu zaidi ya wengine za kulijua jambo hili. Mji wa Tunduma huishi kwa kupima. Pale mpakani, ng'ambo ya Nakonde ya Zambia, hapana mbadilishaji wa fedha apokeaye noti kwa wingi wake. Hutazama kwanza ni kwacha au ni shilingi, kisha huuliza bei ya siku, na ndipo huhesabu. Atakayehesabu kwanza na kuuliza baadaye hatalala na mtaji. Mnunuzi wa mahindi hapokei idadi ya magunia kwa neno la mwuzaji. Hutia mkono ndani ya gunia, akatoa punje, akazitafuna, akajua kama zimekauka au zina unyevu, kama ni nzima au zimeliwa na wadudu. Mbozi, ambako kahawa ya arabika imelimwa kwa vizazi, mkulima ajua kwamba buni hupitishwa katika machekecho ili zipangwe kwa ukubwa, na baada ya hapo huja mwonjaji akaionja kahawa yenyewe, kwa kuwa ukubwa wa buni hausemi yote juu ya utamu wa kikombe. Na sote twaijua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo mpaka likaota kichwa, ambalo sheria ya vipimo yalikataza kwa sababu idadi yasema gunia moja na mizani yasema jingine.

La ajabu ni kwamba watu hawa hawa, wenye jicho kali sokoni, wafikapo kwenye habari za ngumi huacha jicho hilo mlangoni. Mtu asiyenunua debe la mahindi bila kulitia mkono hununua sifa ya bondia kwa idadi ya magunia yaliyoshonwa. Karibu na Vwawa, makao makuu ya mkoa, kiko Kimondo cha Mbozi, pande moja la chuma lililoanguka kutoka angani, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani zipatazo 16. Kokoto za mto mzima hazikumleta mgeni kututazama. Pande hilo moja limewaleta wengi. Katika rekodi ya bondia ushindi mmoja waweza kuwa kimondo, na ushindi ishirini waweza kuwa kokoto.

Natazame sasa jinsi rekodi iliyojaa inavyotengenezwa, maana hapana siri ndani yake. Promota ana kijana anayependwa na watu wa mji. Watu wataka kumwona akishinda, nao hulipa kiingilio kwa ajili ya furaha hiyo. Promota hutafuta mpinzani ambaye jina lake halijulikani sana, aliyefanya mazoezi kidogo au ambaye hakufanya kabisa, aliyeitwa siku chache kabla ya pambano, ambaye malipo yake ni madogo na haja yake ni kubwa. Kijana hushinda katika raundi ya pili. Kelele hupigwa, picha hupigwa, na ushindi mmoja huongezwa. Baada ya miezi miwili hufanywa vivyo hivyo. Mwisho wa mwaka wa tatu kijana ana ushindi kumi na tano, kumi na miwili kati ya hiyo kwa KO, naye hajapata kukutana na mtu aliyemrudishia ngumi kwa nia. Kila aliyehusika amefaidika kwa siku moja: promota kwa kiingilio, mtangazaji kwa habari, mshabiki kwa furaha, kijana kwa jina. Aliyepata hasara ni ukweli, na ukweli hauna mtu wa kumwandikia risiti.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kuwa mcheza kwao hupimwa. Kutunzwa ni tuzo la mapenzi, na mapenzi hayana haja ya mizani. Kupimwa ni kazi ya haki, na haki haijui nyumbani wala ugenini. Msiba wa masumbwi yetu ni kwamba tumelichukua tuzo la mapenzi tukaliita hati ya kipimo.

Ili nisionekane kuwa nasema hewani, nauleta mfano ambao kila msomaji aujua kidogo na wachache wameufikiri kwa kina: mfano wa Hassan Mwakinyo wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, alimshinda Sam Eggington katika raundi ya pili. Mwakinyo aliitwa kwa muda mfupi, akiwa mtu aliyekwisha kupoteza mapambano mawili, na waliomwita hawakumwita ili ashinde. Alikuwa, kwa neno tulilolitumia juu, mpinzani wa kujaza idadi ya mwingine. Eggington naye hakuwa kokoto: mwaka 2017 alikuwa amemtoa kwa KO Paulie Malignaggi, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, na mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa Ulaya. Kwa ushindi huo mmoja Mwakinyo aliruka katika orodha za dunia hatua ambazo ushindi wake wote wa nyuma ulishindwa kumpandisha.

Mwenye kuhesabu hawezi kuueleza mruko huo. Kwake ushindi wa Birmingham ni mmoja, sawasawa na ushindi wowote wa nyumbani; kwa kanuni yake Mwakinyo alipaswa kupanda ngazi moja tu. Mwenye kupima aueleza kwa sentensi moja: alimshinda mtu mzuri, katika nchi ya mtu huyo, mbele ya watu wa mtu huyo, kwa njia isiyowaachia majaji nafasi ya kukosea. Na miaka minne baadaye, mwaka 2022, Eggington alitwaa mkanda wa IBO katika uzito huo wa super welter. Ushindi wa Birmingham ukazidi thamani bila Mwakinyo kuinua mkono. Ushindi wa kweli hukua kama mti uliopandwa. Ushindi wa bure haukui, kwa sababu aliyepigwa haendi mahali.

Lakini kipimo cha kweli hukata pande mbili, na atakayekitumia kwa kusifu hana budi akitumie pia kwa kupunguza sifa. Tarehe 29 Novemba 2019 Mwakinyo alimshinda Mfilipino Arnel Tinampay mjini Dar es Salaam kwa pointi, ukawa ushindi ulioacha mabishano. Katika kitabu cha hesabu ushindi huo na ule wa Birmingham ni ndugu pacha. Katika mizani si pacha. Ni majirani tu.

Tarehe 3 Septemba 2021, Dar es Salaam vile vile, alimshinda Julius Indongo wa Namibia katika raundi ya nne. Hapa ndipo tunapohitaji kuwa waangalifu kweli kweli, kwa sababu jina la Indongo ni jina kubwa. Desemba 2016 alikwenda Moscow akamwangusha bingwa Eduard Troyanovsky kwa sekunde 40. Aprili 2017 alikwenda Glasgow akamshinda Ricky Burns kwa pointi, akawa na mikanda miwili mikubwa ya dunia kwa wakati mmoja. Mwafrika aliyeitwaa mikanda yake ugenini mara mbili, hiyo ni rekodi ya kutetemesha. Je, basi, Mwakinyo alimshinda Indongo huyo? Alilishinda jina hilo, lakini wakati wake ulikuwa umepita. Agosti 2017 Indongo alikuwa ameangushwa na Terence Crawford katika raundi ya tatu. Machi 2018 aliangushwa na Regis Prograis katika raundi ya pili. Na alipofika Dar es Salaam alikuwa na umri wa miaka 38, akipigana katika uzito ulio madaraja mawili juu ya ule aliotawala. Mapambano yalikuwa halali, na Mwakinyo alifanya lililompasa. Ila anayeuandika ushindi huo kana kwamba ulipatikana juu ya Indongo wa mwaka 2017 anafanya kosa lile lile la kuhesabu, ila sasa anahesabu mikanda ya zamani badala ya mapambano. Ubora wa mpinzani si jina lake. Ni hali yake usiku ule kengele ilipolia.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 3 Septemba 2022, Mwakinyo alisimamishwa katika raundi ya nne mjini Liverpool na Liam Smith, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa WBO katika uzito wa super welter. Nakumbuka kejeli zilizomwagwa juu yake. Waliomfanya mlima kwa kuhesabu wakamfanya shimo kwa kuhesabu: jana alikuwa ameshinda ishirini, leo amepoteza, basi hafai. Wachache mno walikumbuka kuuliza amepoteza kwa nani. Miezi minne baadaye, Januari 2023, Smith huyo alimtoa Chris Eubank Jr. mjini Manchester katika raundi ya nne ile ile. Kushindwa na mtu wa namna hiyo si sifa, lakini si uchi pia.

Hilo lanifikisha kwenye nusu ya pili ya hoja yangu, ambayo hupendwa kidogo zaidi: ikiwa ushindi una ubora, kushindwa nako kuna ubora. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na Mwingereza John Conteh, akarudi na medali ya fedha. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Kwa mwenye kuhesabu, Simba alipoteza fainali. Kwa mwenye kupima, kijana wa nchi iliyokuwa na miaka michache ya uhuru aliwapita wote wa uzito wake katika Jumuiya nzima, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ilibidi awe bingwa wa dunia wa kesho. Jirani zetu wa Zambia nao wana Lottie Mwale, aliyepanda ulingoni San Diego mwezi Novemba 1980 kuutafuta ubingwa wa dunia kwa Matthew Saad Muhammad, akaangushwa katika raundi ya nne. Nani atathubutu kusema kuwa bondia wa nyumbani asiyepata kupoteza kwa kuwa hakupata kutoka, amempita Mwale? Asiyekubali kushindwa si mshindani; na bondia ambaye mapambano yake yamepangwa ili asishindwe amenyimwa hata jina hilo la mshindani.

Dunia nzima imejaa ushahidi. Rocky Marciano aliacha ngumi mwaka 1956 akiwa ameshinda 49 bila kupoteza. Mwaka 2017 Floyd Mayweather alifikisha 50, na wa hamsini alikuwa Conor McGregor, mtu aliyekuwa akipigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mayweather ni fundi mkubwa, na ushindi wake mwingine mwingi ni mzito. Lakini ikiwa ule wa 50 ndio umpandishao juu ya Marciano, basi tuseme wazi kwamba ngazi hiyo imejengwa kwa karatasi. Machi 2014 Orlando Salido wa Meksiko, aliyekuwa amepoteza mapambano 12, alimshinda Vasyl Lomachenko, bingwa mara mbili wa Olimpiki. Ni kweli kwamba Salido alikuwa amezidi uzito uliokubaliwa. Lakini mwenye kutazama zile 12 tu asingalimdhania kuwa aweza hata kufika raundi ya mwisho.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, nami nitaanza na iliyo dhaifu. Wapo wasemao kwamba ubora ni maoni ya mtu, na idadi ni ukweli usiopingika. Nawauliza: idadi hiyo huandikwa na nani? Mwaka 1977 mashindano makubwa ya ngumi yaliyokuwa yakionyeshwa na televisheni ya ABC ya Marekani yalisimamishwa baada ya kugunduliwa kwamba rekodi za baadhi ya mabondia zilikuwa zimeongezewa mapambano yasiyokuwapo, nazo zilikuwa zimechapwa katika kitabu kilichoaminiwa na wote. Na mwaka 2001 chama cha WBO kilimpandisha katika orodha yake bondia Darrin Morris, akapanda tena, ilhali alikuwa amekwisha kufariki mwezi Oktoba 2000. Maiti alipanda daraja kwa sababu hakupoteza pambano. Sijui mfano ulio mkali zaidi wa mahali inapotufikisha hesabu isiyomtazama mtu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Wasema: tuiachie kompyuta ipime, impe kila mpinzani alama zake, ijumlishe, itupangie. Sikatai. Mashine ipimayo wapinzani ni bora kuliko mshabiki ahesabuye ushindi. Lakini mashine hufuata mnyororo: A amemshinda B, B amemshinda C, basi A yuko juu ya C. Na ulingo hautii mnyororo huo. Mwaka 1971 Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali. Mwaka 1973 Ken Norton alimshinda Ali akamvunja taya. Kisha George Foreman akamwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, Januari 1973, na akamtoa Norton katika raundi mbili, Machi 1974. Kwa mnyororo, Foreman aliyekuwa ameshinda 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, alikuwa amempita Ali kwa hatua mbili. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Ali alimwangusha katika raundi ya nane. Mtindo wa mtu mmoja huwa dawa ya huyu na sumu kwa yule. Kwa hiyo kupima ubora ni hukumu, na hukumu hudai mwamuzi mwenye macho. Mashine na iwe karani wake, isiwe hakimu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza, nami sitaipita haraka. Wasema: mwalimu, wewe wazungumza habari za Birmingham na Liverpool, kijana wa Tunduma, Vwawa au Mkwajuni atampata wapi mpinzani bora? Hana nauli, hana wakala, hana viza, hana hata gimu yenye ulingo kamili. Ukipima kwa ubora wa wapinzani umemhukumu maskini kwa umaskini wake. Nasema, ni kweli kwamba milango ya masumbwi haikufunguliwa sawa kwa wote. Lakini dawa ya mlango uliofungwa si kuchora mlango ukutani. Rekodi ya bure haimtoi kijana Tunduma. Humdanganya kwamba amekwisha toka. Siku atakapoitwa ng'ambo kwa sababu ya ushindi wake kumi na tano, ataitwa kwa kazi ile ile aliyowafanyia wenzake, yaani kuwa kokoto ya mtu mwingine, na hakuna aliyemfunza kuzuia ngumi za mtu ajuaye kupiga.

Tena kipimo cha ubora hakidai bahari ivukwe. Ubora una ngazi zake. Bondia wa wilaya na apimwe kwa bora wa wilaya, wa mkoa kwa bora wa mkoa. Kijana wa Tunduma ashindaye bora wa Mbeya mjini Mbeya ana ushindi ulio mzito kuliko yule wa Dar es Salaam aliyewaangusha watano walioshushwa kwenye basi asubuhi ile. Na sisi tuna bahati ambayo miji mingi haina: nchi nyingine iko ng'ambo ya barabara, nayo ni nchi yenye historia ya ngumi. Kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni mwendo wa miguu. Kijana atakayemwendea hodari wa Zambia mbele ya Wazambia, akashinda au akashindwa kwa heshima, atakuwa amejua daraja lake kwa nauli ndogo kuliko ya kwenda Morogoro.

Wapo pia wasemao kwamba kijana hujengwa pole pole, na promota mwema hampeleki mwanafunzi kwa simba. Tumekubaliana. Ngazi hupandwa kwa kidato. Lakini kidato cha tano kikiwa sawa na cha kwanza, hiyo si ngazi tena, ni sakafu. Na atembeaye juu ya sakafu hata mwaka mzima hafiki darini.

Nimesema kwamba ukweli hauna mtu wa kuuandikia risiti. Lakini yuko mwingine asiyeandikiwa risiti, naye ana mwili. Kila ushindi wa bure una mtu wa upande wa pili. Tunapoitamani rekodi ya ishirini bila kupoteza, twatamani, hata kama hatusemi, watu ishirini wa kupigwa. Hao ni vijana wa miji kama yetu, wapakizi wa maroli, wasukuma mikokoteni, waliokubali pambano kwa malipo ya kodi ya chumba. Pambano lisilo na uwiano ni hatari iliyo wazi kuliko zote ulingoni, kwa sababu asiyejua kujikinga hupokea kwa kichwa kile ambacho mwenzake hukipokea kwa mikono. Mwishoni mwa mwaka 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki mjini Dar es Salaam baada ya pambano. Simtaji ili kumlaumu mtu, wala sidai kwamba pambano lake lilikuwa la namna ninayoishutumu. Namtaja ili tukumbuke kwamba neno kupoteza, tunaloliandika kwa tarakimu moja katika safu ya pili, lina maana nyingine. Utamaduni unaomdharau aliyeshindwa mpaka haulizi jina lake hauwezi kumlinda.

Kwa hiyo naweka mbele ya mshabiki, mtangazaji na mwandishi wa habari za michezo maswali matano, ambayo kila rekodi iulizwe kabla ya kusifiwa. Alimshinda nani? Alimshinda lini, yaani mpinzani alikuwa katika hali gani siku hiyo, akipanda au akishuka? Alimshinda wapi, na majaji walikuwa wa nani? Alimshinda vipi, kwa namna iliyo wazi au kwa hesabu ya kubahatisha? Na baada ya hapo aliyeshindwa amefanya nini duniani? Rekodi itakayoyajibu matano haya ikiwa na ushindi sita tu, na iwekwe juu ya rekodi ya thelathini isiyojibu hata moja. Yule asiyetaka kuulizwa ana sababu yake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nao wasomaji wa jarida hili, wanafunzi na wanazuoni, wasikunje mikono wakidhani kuwa nimewasema watu wa mitaani peke yao. Vyuo vyetu navyo vimeshikwa na ugonjwa huu. Mwalimu hupandishwa cheo kwa idadi ya makala, wala si mara nyingi aulizwapo makala hizo zilipambana na hoja ya nani. Mwanafunzi huhesabu vitabu vilivyotajwa mwishoni mwa tasnifu yake, si vile alivyobishana navyo. Mhakiki humsifu mtunzi kwa diwani saba, naye hajatuonyesha hata shairi moja lililoshinda jambo gumu. Twaandika dhidi ya hoja dhaifu tulizoziokota wenyewe, tukaziangusha katika ukurasa wa pili, na tukajiongezea ushindi. Debe tupu haliachi kuvuma, na mvumo wake husikika vizuri zaidi katika kumbi zenye dari refu.

Atakayetaka kunijibu, basi, asinijibu kwa kunihesabia mabondia walioshinda mara nyingi. Na achague hoja yangu iliyo ngumu kuliko zote, aikabili mbele ya watu, na kama ataiangusha nitamwita mshindi bila kinyongo, kwa sababu atakuwa ameshindana.